Nesi anayesindikiza rufaa, saa zake zihesabiwe kuanzia wapi?

Hapa Kigoma watu wa afya wanabishana sana siku hizi, nesi akisindikiza mgonjwa wa rufaa kwa ndege au ambulansi, ile posho ya kujikimu inatosha au alipwe na ovataimu yake? Mimi nasema posho ni ya chakula na kitanda, siyo malipo ya kazi. Ila wanaopinga wana hoja zao na tusizipite tu.

Tuanze na Marekani ambako nesi wa ndege ni ajira kabisa, wengi wanafanya shifti ya saa 12 au 24 wakiwa kituoni wanasubiri simu. Sheria yao ya mwaka 1938 inasema ukizidisha saa 40 kwa wiki kila saa ya ziada ni mara moja na nusu. Kwenye shifti ya saa 24 mwajiri anaruhusiwa kutolipia mpaka saa 8 za usingizi kama mmekubaliana na kama kuna sehemu ya kulala inayoeleweka, lakini ukiamshwa muda huo ni kazi, na usipopata walau saa 5 za kulala basi usiku wote unalipwa. Hapo naona wamefikiria vizuri. Shida ni kwamba sheria hiyohiyo inawatoa wafanyakazi wa mashirika ya ndege kwenye ovataimu, na mwaka 2020 mahakama moja ya rufaa ya huko ikasema kampuni ya ambulansi za anga nayo ni shirika la ndege, manesi waliokuwa wanadai wakakosa. Mtu anahangaika na mgonjwa mahututi angani halafu kwenye malipo anahesabiwa kama mhudumu wa abiria, hii kwangu siyo haki hata kama ni sheria.

Mwajiri wa nesi wa ndege naye anasema hivi: kuna usiku simu haiiti kabisa, nesi amelala mpaka asubuhi, sasa nikimlipa mara moja na nusu kwa kulala gharama inamrudia mgonjwa, na ndege yenyewe hata ikiwa chini inakula hela, rubani, bima, matengenezo. Kituo kikifungwa nesi hana kazi na mgonjwa hana ndege. Hii hoja ni ya kweli.

Huku kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, ovataimu mara moja na nusu, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Tuseme nesi wa hospitali binafsi saa yake ni shilingi 4,000, ya ovataimu inakuwa 6,000 na ikiangukia usiku inafika 6,300. Ila kuna mlango, kazi ya dharura isiyowezekana ndani ya saa za kawaida masharti ya muda yanalegezwa, na rufaa karibu zote ni dharura, kwa hiyo mwajiri anaupitia huo mlango kila wiki mpaka dharura inakuwa ndo ratiba.

Sasa chukua nesi wa Tabora anayepeleka mgonjwa hospitali ya rufaa ya Bugando, anapita Nzega, Shinyanga, anafika Mwanza, anakabidhi, anageuza na gari hilohilo. Au mwenzake anayemtoa mama mjamzito Kalya, kijiji cha huku Ziwa Tanganyika, kwa boti ziwa limechafuka. Kwenda kila mtu anakubali ni kazi, ubishi uko kwenye kurudi, wanasema si ulikuwa umelala kwenye siti. Mimi nasema hakuchagua kuwa pale, ana mitungi ya oksijeni na vifaa vya hospitali, na kesho yuko kwenye rota. Ndege nayo ukifika Dar jioni na ya kurudi ni kesho, huo usiku wa gesti mimi siudai kama ovataimu, posho inautosha. Dereva wa m-mama, ule mfumo wa kupiga 115 mjamzito akihitaji usafiri wa dharura, analipwa kwa safari na hela inaingia kwenye simu, sasa nesi aliyeko nyuma anashindwaje kuhesabiwa saa zake?

Kwa hiyo kusubiri kulipwe kidogo kwa kiwango maalum, simu ikiita tu saa ianze kuhesabiwa kwa bei kamili mpaka arudi kituoni, ukitoa tu ule usiku wa gesti. Hapo mwajiri halipii usingizi na nesi hafanyi bure.

Ila hela nayo ina hatari yake, ovataimu ikiwa nono mtu anaomba safari juu ya safari na dozi ya dawa inapimwa na mtu ambaye hajalala. Sheria inataka saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku, na hizo zisiuzwe hata nesi mwenyewe akitaka.

Hospitali ndogo isiyo na fungu la ovataimu impe nesi siku ya mapumziko, lakini iandikwe kwenye rota kabla hajapanda gari, siyo arudi ndo aanze kuiomba.