Bili ya Balozi

Leo nimelipa deni la Smith Hempstone, balozi wa Marekani aliyeondoka Kenya 1993. Msiniulize kama tulijuana.

Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, hiyo tuiache. Makanga alinishusha mbali na stejini akiniita mkubwa, hiyo nayo tuiache. Nikaingia kwa nyama choma kutafuta robo, nikaketi na wazee wawili, mtu mwenye heshima zangu na pesa zangu nimezihesabu mfukoni.

Mzee wa kofia akainua ubavu, akautazama kwa uchungu. "Hizi ndizo alizokuwa akila yule. Balozi wa Nyama Choma! Anashiba mbuzi wetu, halafu Mei 1990 anasimama mbele ya Rotary hapa hapa Nairobi, ati Bunge lao litapendelea kusaidia nchi zenye vyama vingi. Alipigiwa kura wapi? Chama ni kimoja!" Kidole juu, kama enzi za KANU, chama tawala cha Jogoo. Mhudumu, kutoka kule jikoni, akaitika: moja.

"Na Matiba na Rubia, wanasiasa wetu wenyewe?" akauliza mwenzake, mwalimu mstaafu. "Hawakudai hayo hayo mwezi huo huo? Nao walikuwa Wamarekani? Julai wakawekwa kizuizini! Vyama vingi, bwana!" Vidole viwili hewani. Mhudumu: mbili.

"Wazee," nikasema, "tupunguze mikono."

Nani alinisikia? Wa kofia akasema balozi kazi yake ni kunyamaza na kunywa chai Ikulu. Moja! Mwalimu akasema huyo alikuwa mwanahabari kabla ya ubalozi, angenyamaza vipi? Mbili! Sinia zinafika, wazee wanakula bila kuangalia, siasa inafungua tumbo. Nami nilikuwa na langu la kusema: miaka yote ya Vita Baridi, manowari za Marekani zikitia nanga Mombasa, ni balozi gani alituhubiria vyama? Ukuta wa Berlin ulipoanguka ndipo wakagundua tuna Kifungu cha 2A, kile cha chama kimoja tu, na kilikuwa kwenye katiba tangu 1982. Lakini hoja nzuri kiasi hicho haisemwi ukiwa na mfupa mdomoni.

Kisha wa kofia akakumbuka dawa zake za presha. Mwalimu akamsindikiza, wameshikana mikono, maadui wakubwa wale. Bili ikabaki ikinitazama mimi.

"Kijana wangu, mimi niliagiza robo."

"Bosi, meza yako iliagiza kwa vidole."

Jamani! Wafadhili walikutana Paris Novemba 1991, wakabana misaada, Desemba kifungu kikafutwa. Rais Moi mwenyewe alikubali yaishe! Mbona mimi bado nakilipia kwa kilo?

Na kachumbari siku hizi inalipiwa kando. Vijiti vya meno unapewa kimoja, ukiomba cha pili unaangaliwa kama mwizi. Nikauliza pilipili, nikaambiwa aliyeenda kuinunua hajarudi. Ameenda na nini? Na pesa yangu ya chenji.