Bingwa wa Formula 3 Ulaya 2014 alikuwa Ocon, tusisahau

Kila ukizuka mjadala wa langalanga mtandaoni, jina la Esteban Ocon, yule Mfaransa wa Formula 1, likitajwa tu watu wanaanza, mara dereva wa kawaida, mara mgomvi, mara anagongana na wenzake wa timu moja, na mimi kila nikisoma hivo naumia kwa kweli, maana wengi wanaoandika hivo wameanza kufuatilia juzi juzi na hawajui kwamba mwaka 2014 huyu jamaa alichukua ubingwa wa Formula 3 Ulaya, ngazi ya vijana chini ya Formula 1, kwenye msimu ambao Max Verstappen alikuwemo ndani. Verstappen huyu huyu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1. Alimaliza wa tatu.

Tuanzie mbali kidogo. Ocon kazaliwa Évreux, Normandy, Ufaransa, Septemba 1996. Baba yake ni fundi magari mwenye gereji yake, siyo tajiri, siyo dereva wa zamani, hana jina kwenye mchezo. Dogo akaanza gokati, na gokati ya mashindano siyo ile unayolipia dakika kumi ukazunguka na wanao ukarudi nyumbani, hapa kuna seti za matairi mapya, injini inafumuliwa na kuundwa upya kila baada ya muda, kuna ada, kuna safari za nchi hadi nchi, na akija tajiri na watoto wake wawili na mafundi wanne wewe na baba yako mnabaki na spana zenu mkononi. Pesa ikaisha. Wazazi wakauza nyumba, wakahamia kwenye karavani, na karavani hiyo hiyo ndo walikuwa wanaendea mashindanoni, wanalala humo, kesho yake dogo anavaa helmeti anaingia kwenye njia.

Hebu mzazi unayesoma hapa jiulize kama ungeuza nyumba. Mtoto hajafika hata miaka 15, hakuna mkataba, hakuna anayekuahidi kitu, na akivunjika mkono leo yote yamekwisha. Mimi sijui kama ningeweza, na ndo maana nikisikia mtu anasema Ocon kabebwa nashindwa kumwelewa kabisa. Kabebwa na nani?

Mwaka 2010 kampuni moja ya kusimamia madereva iliyokuwa na uhusiano na timu iliyokuja kuitwa Lotus kwenye Formula 1, inaitwa Gravity, ikamchukua. Hapo ndo familia ikapumua. Akapanda magari ya kiti kimoja 2012 kwenye Formula Renault, mwaka uliofuata akamaliza wa tatu kwenye Eurocup ya Formula Renault, halafu 2014 akaingia Formula 3 na timu ya Prema ya Italia.

Sasa huo msimu naomba tukae nao kidogo. Wikiendi 11, kila wikiendi mbio tatu, jumla mbio 33. Bodi za magari zinatoka kiwanda kimoja, Dallara, matairi yale yale, tofauti ni injini tu, kuna wenye Mercedes na wenye Volkswagen, kwa hiyo huwezi kusema fulani alikuwa na roketi kama tunavyosema kwenye Formula 1. Verstappen ana miaka 16, katoka gokati moja kwa moja, yuko timu ya Van Amersfoort ya Uholanzi, na anatisha, hilo nakubali bila kubishana, alishinda mbio sita mfululizo, tatu za Spa kule Ubelgiji na tatu za Norisring kule Ujerumani, watu wazima wakabaki midomo wazi. Mwisho wa mwaka Verstappen ana ushindi mara 10, Ocon mara 9. Lakini pointi ni 478 za Ocon, 420 za Tom Blomqvist, 411 za Verstappen. Ocon alimaliza kazi Imola kule Italia, raundi moja ya mwisho ikiwa bado.

Mtu atasema Verstappen gari lilimsumbua, tena ulikuwa msimu wake wa kwanza wakati mwenzake anaingia wa tatu. Kweli kabisa. Na mimi sisemi Ocon ni bora kuliko Verstappen, matokeo ya miaka iliyofuata yanajulikana na Verstappen ni dereva wa aina yake. Ninachosema ni kwamba ubingwa wa mbio 33 hauji kwa bahati. Siku ambayo hukuweza kushinda unachukua ya pili, siku ambayo gari halitaki unachukua ya nne, mvua ikinyesha hujirushi ukutani, na ukifanya hivo kuanzia Aprili mpaka Oktoba unawaacha wote kwa pointi 58, na hicho ni kipaji sema tu hakina video nzuri za kuposti.

Halafu angalia kilichofuata. Agosti 2014 msimu haujaisha Verstappen anatangazwa Toro Rosso, timu ndogo ya Red Bull, mwaka 2015 yuko Formula 1 ana miaka 17. Bingwa wake? Bingwa akapewa Ijumaa moja na Lotus kule Abu Dhabi, mazoezi ya kwanza, dakika 90, asante kwa heri. Siyo kwamba Red Bull walijua kitu ambacho wengine hawakukijua, ni kwamba Red Bull walikuwa na timu mbili na pesa, na Lotus walikuwa na madeni. Dogo mmoja kaokotwa na nyumba yenye nafasi, mwingine na nyumba inayoungua. Ukishaona hivo huwezi tena kuamini ile hadithi kwamba ngazi hii ni ya kipaji, panda tu utafika.

2015 akarudishwa chini, GP3, mashindano mengine ya vijana. Bingwa wa Ulaya anaanza upya, na Mercedes ndo wakamdaka mwaka huo wakamweka kwenye programu yao ya vijana. Na huo msimu wa GP3 ndo naupenda kuliko yote. Mbio 18, alishinda moja tu. Moja! Halafu akaanza kumaliza wa pili, wa pili, wa pili, mara tisa mfululizo, yaani wikiendi hadi wikiendi jamaa yuko jukwaani amesimama pembeni ya mtu mwingine mwenye kombe kubwa, na mtu huyo anabadilika kila wiki ila yeye yupo pale pale. Luca Ghiotto alishinda mara nyingi kuliko yeye na bado Abu Dhabi kwenye raundi ya mwisho ubingwa ukaenda kwa Ocon. Kuna watu waliudharau ule ubingwa, wakasema bingwa gani wa ushindi mmoja, lakini kijana wa miaka 18 kujizuia namna ile, huku anajua anayelipa bili anataka kuona ushindi, kwangu mimi ni jambo kubwa sana.

Makombe mawili mkononi miaka miwili, na 2016 akapelekwa DTM, mashindano ya Ujerumani. Magari yenye paa! Kiti cha Formula 1 kilikuja katikati ya mwaka, timu ya Manor, timu ya mkiani, na kilipatikana kwa sababu Rio Haryanto wa Indonesia pesa za wadhamini wake hazikutimia akatolewa. Angalia hapo kiti kilivyopatikana, hakuna aliyeenda kuangalia nani kashinda nini GP3, mwenzako kaishiwa basi ingia wewe. Haryanto naye namwonea huruma, hakufanya kosa lolote la udereva.

Akaanzia Spa, na kuanzia siku ile akamaliza mbio 27 za kwanza za maisha yake Formula 1 bila kuacha hata moja, mpaka Brazil 2017 alipogongwa mzunguko wa kwanza. 27. Ile ile tabia ya GP3. Mwaka 2017 na timu ya Force India alipata pointi mbio 18 kati ya 20, akamaliza wa nane duniani. Na mwaka uliofuata timu ikafilisika, ikanunuliwa na kundi la tajiri Lawrence Stroll, mtoto wa Stroll akahitaji kiti, na aliyesimama ni Ocon. Renault alikokuwa anatarajia kwenda kiti kikachukuliwa na dereva mwingine, Ricciardo. Kwa hiyo 2019 yote alikaa Mercedes kama dereva wa akiba, amevaa hedifoni anaangalia wenzake. Simlaumu baba kumtafutia mwanae, hata mzee Ocon aliuza nyumba kwa ajili hiyo hiyo, tofauti ni kwamba mmoja aliuza nyumba na mwingine akanunua timu.

Ushindi wake wa Hungary 2021 wengi mnaukumbuka, Bottas kaanzisha ajali kona ya kwanza, kwenye kuanza upya Hamilton yuko peke yake kwenye mstari wa kuanzia wengine wote wameingia kubadilisha matairi, Ocon akajikuta mbele. Watu wanasema bahati. Sawa, mbele alifika kwa bahati, ila baada ya hapo alikaa na Vettel mgongoni mbio karibu nzima na hakukosea, huku nyuma Alonso, mwenzake wa timu, anamzuia Hamilton mizunguko kadhaa. Ungemwona GP3 usingeshangaa. Na Interlagos kule Brazil 2024 kwenye ile mvua, miaka kumi baada ya Formula 3, Verstappen wa kwanza na Ocon wa pili kwenye gari la Alpine ambalo mwaka mzima lilikuwa hoi.

Makosa anayo. Alipogongana na wenzake wa timu, Perez mara kadhaa 2017, na Gasly pale Monaco 2024, mengine alistahili kulaumiwa na alilaumiwa. Lakini mtu aliyekulia kwenye karavani akijua mbio moja mbaya inaweza kuwa ya mwisho, kumwambia ampishe mwenzake kwa upole ni kumwomba kitu ambacho hakijawahi kumlipa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hali haijabadilika. Felipe Drugovich bingwa wa F2 2022 (Formula 2, ngazi moja tu chini ya Formula 1), akaishia dereva wa akiba Aston Martin. Théo Pourchaire bingwa wa F2 2023, akaishia kuhangaika kutoka Japani kwenda IndyCar ya Marekani, ambako nako akatolewa katikati ya msimu. Na sheria inasema bingwa wa F2 haruhusiwi kurudi kushindana F2, kwa hiyo ukishinda mlango wa nyuma unafungwa na wa mbele haufunguki. Leseni ya Formula 1 wanataka pointi 40 za matokeo ya ngazi za chini na kwa kawaida uwe na miaka 18, sheria iliyokuja baada ya Verstappen kuingia mtoto, na ubingwa wa F2 unakupa hizo 40 zote. Kwa hiyo FIA, wasimamizi wa mchezo, wenyewe wanakubali kwamba huyu yuko tayari! Msimu mmoja wa F2 watu wanataja zaidi ya euro milioni 2, unalipa hizo, unashinda, unaambiwa subiri.

Mimi nataka bingwa wa F2 apewe mbio za kweli mwaka unaofuata, hata tano, kwenye timu yoyote itakayopangwa, na gharama zitoke kwenye mapato ya mchezo wenyewe na siyo mfukoni kwa mzazi. 2026 timu mpya ya Cadillac imeingia, viti vimekuwa 22 badala ya 20, ni vizuri ila viti viwili havitoshi kama namna ya kuvigawa ni ile ile. Watakaosema timu hazitakubali kulazimishwa wakumbuke kwamba tayari zinalazimishwa, tangu 2025 kila timu inatakiwa kuwapa madereva wapya mazoezi ya Ijumaa mara nne kwa msimu, na zote zinatii. Kama Ijumaa inawezekana basi Jumapili tano nazo zinawezekana, ni suala la kuandika kwenye kanuni tu, na wenye kuandika kanuni wapo.