Mfamasia bingwa apimwe kwa kipi?

Mgonjwa akiambiwa kwamba ataonwa na daktari bingwa, haulizi maana yake. Akiambiwa kwamba dozi yake imepitiwa na mfamasia bingwa, huenda akadhani anataniwa, kwa kuwa mfamasia anayemfahamu ni yule wa dirisha la dawa, anayeandika "1 x 3" juu ya bahasha ya vidonge. Ndiyo maana hoja ya kuwapa ithibati, yaani cheti cha kuthibitisha umahiri wao, wafamasia wabobezi hapa Tanzania huonekana kwa wengi kuwa ni ya kutafuta cheo na posho.

Tuchukue mfano wa dawa iitwayo methotreksati. Mgonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja kwa wiki. Maelezo yakiandikwa kwa haraka, au mtoa dawa akifuata mazoea, mgonjwa ataimeza kila siku, na ndani ya wiki moja atakuwa amemeza dozi ya wiki 7. Hatari yake si kichefuchefu cha kupita tu: mdomo hutoka vidonda, chembe nyeupe za damu hushuka, kisha huja maambukizi ambayo mwili hauna tena askari wa kuyakabili. Kuzuia kosa hilo ni wajibu wa mfamasia yeyote aliyesajiliwa. Lakini dawa hiyohiyo, katika baadhi ya saratani, hutolewa kwa dripu na kwa dozi kubwa mno, na hapo lazima awepo mtu wa kufuatilia kiwango chake katika damu, kuangalia figo saa kwa saa, na kuhakikisha dawa ya kuokoa seli zenye afya inaingia kwa wakati. Dawa ni moja, kazi ni mbili, na miaka 4 ya shahada ya kwanza pamoja na utarajali humwandaa mtu kwa ile ya kwanza. Kazi ya pili hufanywa pia, na swali ni nani amempima anayeifanya.

Wanaopinga wana la kusema. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yalibuniwa kwa kuwa famasi zenye wafamasia hazikuwafikia watu wa vijijini, na si ajabu mtu akauliza kwa nini tuhangaike na ubingwa wakati wa kawaida hawatoshi. Uchache huo ni wa kweli, ila ithibati haimwondoi mfamasia kijijini. Inamhusu aliyekwisha kuwa wodini. Wengine husema shahada ya uzamili inatosha. Mimi sioni hivyo. Shahada huonyesha kwamba mtu alifaulu mitihani mwaka fulani, na haiishi muda wake hata kama mwenyewe amekaa ofisini miaka 10 akiagiza dawa bila kumgusa mgonjwa. Marekani, ambako bodi ya ubingwa wa famasi iliundwa mwaka 1976, cheti hudumu miaka 7 na mwenyewe hulazimika kuthibitisha upya umahiri wake. Uingereza nayo huyapa uzito mkubwa majalada ya ushahidi wa kazi ambayo mtu ameifanya hasa.

Pale wapinzani wanapozungumzia gharama, nakubaliana nao bila kusita. Mtihani wa ada kubwa unaofanyikia Dar es Salaam pekee utampa ubingwa aliye karibu na Muhimbili na kumwacha mwenzake wa Mbeya, ambaye pengine ndiye anayebeba wodi nzima bila mlezi wa kitaaluma. (Na neno "bingwa" lenyewe halisaidii, maana linanukia ushindani, "mbobezi" ningelipenda zaidi.) Kwa hiyo ningeanza na jalada: huyo wa Mbeya awasilishe kumbukumbu za dozi alizorekebisha, sababu alizoandika na kilichompata mgonjwa baadaye, zisomwe na jopo lenye wafamasia na angalau daktari mmoja wa wodi ileile aliyewahi kukataa ushauri wake.