Shemeji, waya haukunjwi kwenye kiwiko

"Shemeji, ahsante sana. Kila kitu nimekirudisha kama kilivyokuwa."

Ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu Jumapili moja ya Aprili, shemeji alipoturudishia karavani aliyoazima, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, na mimi bila kufikiri nikajibu kwa kidole gumba na ua. Kila kitu. Kama kilivyokuwa. Haya.

Ijumaa ya ile wikiendi ndefu ya mwisho wa Mei tulitoka Coventry saa tisa alasiri, na aliyewahi kuvuta karavani siku kama hiyo anajua barabara ya M4 inavyokuwa. Karibu na Tenby tumefika saa nne kasoro usiku. Mvua ni ile ya Wales, hainyeshi na haiachi. Watoto wawili wamelala, wa tatu anataka chai. Mwenye kambi akatuonyesha nafasi yetu kwa tochi, akatunong'oneza tusipige kelele, akaenda zake kulala. Nikafungua kabati la mbele nitoe waya wa umeme, ule wa kuunganisha karavani na nguzo ya umeme ya kambi.

Nikakuta mfuko. Mfuko mkubwa wa plastiki, wa kubebea nguo za kufua. Ndani yake mlikuwa na waya wa umeme wa rangi ya chungwa, mita 25. Mpira wa buluu wa maji ya kunywa. Mpira wa kijivu wa maji machafu. Na ule mfupi wa kijani ninaosuuzia tangi la choo. Vyote vinne vimekumbatiana kama ndugu waliopoteana Kariakoo.

Narudia kwa walio nyuma: mpira wa choo umelala kitanda kimoja na mpira wa maji ya kunywa.

Nilipiga magoti kwenye nyasi, tochi mdomoni, nikifumua. Nikivuta wa chungwa unakuja wa kijivu. Nikivuta wa kijivu unanimwagia mkononi kitu ambacho sitaki kukitaja. Baada ya dakika 40 mama watoto akafungua dirisha: "Baba, kwani unafua?" Sikujibu. Shemeji ni kaka yake, na mimi nimelelewa Tanga, nyumba ambayo shemeji hatukanwi. Unamtania, unamlisha, unamkopesha karavani.

Kwa shingo upande nikiri kwamba matangi aliyamwaga, zulia alilifagia, na mtungi wa gesi aliujaza bila kuambiwa. Wako waliorudishiwa karavani na mifupa ya kuku ndani ya oveni. Shemeji yangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kiwiko tu.

Nilipoufumua ule waya nilimjua hapo hapo. Kila pindi lilikuwa na urefu ule ule, wa kutoka kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka nyuma ya kiwiko na kurudi. Hiyo ndiyo staili ya mafundi wote wa haraka: unashika ncha kiganjani, unazungusha kwenye kiwiko, kiganja, kiwiko, kiganja, dakika moja umemaliza, unafunga na ile ncha ya mwisho kama unafunga kuku miguu. Unaonekana nadhifu. Watu wanakusifu. Ubaya wake ni kwamba kila unapozungusha hivyo, waya unapokea msokoto mmoja, na msokoto hauna pa kwenda. Mita 25 kwa pindi la karibu mita moja ni misokoto kama 25 umeuvisha mnyonge huyu, yote upande mmoja. Siku ya kuutandaza unajikunja nane nane, unaruka kama mkunga aliyetolewa majini, na ukiuvuta kwa nguvu zile nane zinakuwa vifundo vidogo vikali. Shaba ya ndani inachoka hapo hapo kwenye vifundo. Nje huoni kitu.

Mimi sikujifunza haya Uingereza. Nimejifunza kwa mjomba wangu, aliyekuwa mbeba vyombo wa kikundi cha taarabu pale Tanga, miaka ya tisini. Mbeba vyombo ni cheo cha mwisho kabisa. Hapigi chombo, haimbi, hatunzwi. Watu wakishaondoka harusini saa tisa za usiku, na waimbaji wameshapanda gari na khanga zao, yeye ndiye anabaki ukumbini na spika na nyaya za maikrofoni. Nikiwa na miaka kumi na moja hivi nilimfuata nimsaidie, nikaanza kuzungusha waya kwenye kiwiko changu, nikijiona fundi. Aliupokonya kama napokonywa wembe. "We mpwa wangu, unautesa waya wa watu. Waya haufungwi kama mzigo wa kuni."

Akanionyesha. Ncha iko mkono wa kushoto, imetulia. Mkono wa kulia unavuta urefu wa mkono mmoja, unauleta, na njiani kidole gumba kinausukuma waya kidogo uviringike, pindi linalala lenyewe juu ya kiganja. Hilo la mbele. La pili unavuta vilevile, ila mkono wa kulia unageuka, mgongo wa kiganja ukielekea kwako, na waya unaingia kwa chini. Hilo la nyuma. La mbele, la nyuma, la mbele, la nyuma, mpaka mwisho. Msokoto wa pindi moja unafutwa na pindi linalofuata. Halafu akashika ncha, akaurusha ule waya wote kwenye sakafu ya ukumbi uliojaa maua ya asumini yaliyokanyagwa, ukaenda moja kwa moja mpaka jukwaani umenyooka kama mstari wa rula. Nilidhani ni mazingaombwe.

Kuna sharti moja, na mjomba alinipiga kikofi kwa kulisahau: ncha ya nje isipenye katikati ya mapindi. Ikipenya halafu ukavuta, unapata fundo, hatua, fundo, hatua, fundo, kama tasbihi. Ndiyo maana anayejua anafunga mapindi kwa kitambaa au mkanda wa kunata, ule wa viatu vya watoto, wala hafungi kwa waya wenyewe. Mabaharia wa majahazi wanalijua hili la kuheshimu kamba tangu zamani, maana demani, ile kamba ya tanga, iliyofungana wakati upepo unageuka haina muda wa kukusubiri ufumue.

Mtaniambia, na shemeji ameshaniambia, "nunua lile gurudumu la plastiki la kuzungushia waya, yaishe." Sawa. Ni nadhifu, nakubali. Linakaa vizuri kabatini, lina mpini, hata mtoto analizungusha. Lakini kuhusu hilo gurudumu nina kisa, na hiki sikisimulii kwa kucheka.

Mwaka wetu wa kwanza wa karavani sikuwa na huu waya wa chungwa. Nilikuwa na gurudumu la nyumbani, la kutumia bustanini, waya wake mwembamba, milimita za mraba 1.5, na kiunganishi cha kuliingiza kwenye ile plagi ya buluu ya karavani. Tulikwenda Lake District mwezi wa kumi. Nguzo ya umeme ilikuwa karibu, hatua sita tu, kwa hiyo nikavuta mita sita na zilizobaki nikaziacha zimezungushwa, gurudumu nikalisukumia chini ya karavani lisinyeshewe. Nilijisifu kwa unadhifu. Usiku ukawa wa baridi kali, tukawasha hita ya wati 2,000 mpaka asubuhi.

Alfajiri nilitoka kwenda chooni nikasikia harufu. Wanaoijua harufu ya plastiki iliyopata moto hawaisahau. Nikachutama, nikaliwekea gurudumu mkono, nikauondoa upesi. Mapindi ya nje yalikuwa ya moto. Ya ndani yalikuwa yameshikana, ganda la waya limelainika limegandana na jirani yake, kama tambi zilizolala usiku kwenye sufuria. Juu ya hapo, ukihesabu sakafu ya mbao na godoro, walikuwa wamelala wanangu. Sitanii.

Breka haikukata. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, maana kila mtu ananijibu "si kuna breka?" Wati 2,000 kwa volti 230 hazifikishi ampea tisa. Nguzo ile ilikuwa ya ampea 16. Breka kazi yake ni kuhesabu ampea, na ampea zilikuwa halali kabisa, kwa hiyo ilikaa kimya kama inavyotakiwa. Haijui kwamba chini ya karavani kuna mita kadhaa za waya zilizobanana. Kila waya unaopitisha umeme unapata joto kidogo. Ukiwa umelala kwenye nyasi, upepo unalichukua. Ukiwa umezungushwa tabaka kwa tabaka, joto la pindi la kati linakwenda wapi? Linakwenda kwa jirani, naye analo lake. Usiku mzima wanapashana moto.

Na onyo lilikuwa limeandikwa! Ubavuni mwa lile gurudumu kulikuwa na namba mbili za wati, moja ya waya ukiwa umezungushwa na nyingine ukiwa umetolewa wote, na ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko ya pili kwa mbali. Nimeliona hilo gurudumu miaka mitatu bila kusoma ubavu wake. Kwa hiyo nikimkasirikia shemeji mnielewe, mjinga wa kwanza nilikuwa mimi.

Tangu siku ile waya wetu ni ule mnene wa milimita za mraba 2.5, na unatoka wote. Hata nguzo ikiwa pua na mdomo na karavani, mita 25 zinatoka. Zinazozidi nazilaza chini ya karavani kwa mikunjo mipana, kama nyoka anayeota jua, hakuna mkunjo unaomlalia mwenzake. Jirani mmoja mzee, Mwingereza mwenye karavani ya kung'aa na mbwa wa kung'aa, alipita akaniuliza kama nimeshindwa kuukunja. Yeye wake ulikuwa umekaa chini ya nguzo, duara zuri kama mkeka wa ukili. Nilitabasamu, nikampa chai, nikamwambia auguse. Akaugusa. Akarudi kwake bila kumaliza chai, na jioni nikaona nyoka wake anaota jua.

Kuhusu plagi: unachomeka kwenye karavani kwanza, nguzo baadaye, na wakati wa kuondoka unaanza kuchomoa kwenye nguzo. Usiache ncha yenye umeme inazubaa kwenye nyasi.

Wanaovuka kwenda Ufaransa wajue huko kuna kambi za ampea 6. Hiyo ni wati 1,380, birika la umeme na hita kwa pamoja sahau.

Mipira haina falsafa nyingi. Wa maji ya kunywa uwe ule uliotengenezwa kwa maji ya kunywa, umwagwe maji yote kwa kuuinua kuanzia ncha moja mpaka ya pili, halafu ncha zenyewe ziunganishwe moja na nyingine, ndipo konokono na siafu wasipate mlango. Kama ni baridi na umekakamaa, usishindane nao. Utandaze juani kidogo au uingize ndani upate joto. Wa kijivu unakaa na wa kijivu. Wa choo una ndoo yake yenye mfuniko na ndoo ina maandishi mekundu, kwa Kiswahili na Kiingereza, na shemeji Kiswahili anakijua vizuri sana.

Eti mtu mzima na watoto watatu anahangaika na waya. Nimeambiwa. Nimeambiwa na dada yangu kwa simu kutoka Tanga: "Kaka yangu, umekwenda Ulaya kulala kwenye kibanda cha magurudumu, halafu unagombana na shemeji zako kwa sababu ya kamba?" Ukiliweka hivyo, ni kweli, linachekesha. Lakini dada yangu huyo huyo ukikunja mkeka wake kinyume hakusemeshi siku mbili.

Mpira wa buluu nimeutupa. Sikuweza. Niliuchemshia maji, nikautia dawa, nikauangalia, nikaona kila kikombe cha chai kitanikumbusha. Mpya nimenunua, risiti nimeiweka kwenye droo, si kwa ubaya.

Jana ujumbe mwingine umeingia. "Shemeji, habari za siku nyingi. Mwezi wa nane karavani mnaitumia?" Bado sijajibu. Jumamosi anakuja kwetu kula, mama watoto anapika pilau. Waya nimeutoa, mita zote 25, upo sebuleni juu ya zulia kutoka mlangoni mpaka kwenye televisheni. Akivua viatu tu nampa ncha.