Watafakarini kunguru, nikawatafakari kweli

Mimi ni mtu wa wasiwasi niseme tu mapema. Gesi nazima, natoka, nafika kituoni, narudi tena kuangalia kama nimezima. Mama akinipigia simu kutoka kijijini neno la kwanza ni "umeshaanza tena?" na hapo sijasema kitu, kasikia ninavyohema tu.

Sasa mwezi ule kodi ilikuwa imeisha. Chumba changu hapa Mbagala ni elfu hamsini kwa mwezi, mama mwenye nyumba alinihurumia nilipe miezi 3 badala ya 6, kwa hiyo laki na nusu, na hataki mambo ya kutumiana kwenye simu, anataka noti azihesabu mwenyewe kwa mate. Hela ninayo. Tatizo ilikuwa Jumapili, napita kanisani kwanza halafu ndo nimpelekee, na laki na nusu naibeba wapi? Mfukoni, vibaka wa daladala. Kwenye Biblia, nitafungua Zaburi mbele za watu noti zimwagike. Niiache geto? Ule mlango ukipiga chafya karibu yake unafunguka. Usiku kucha nageuka kama chapati. Alfajiri ndo nikapata akili, akili kubwa kabisa kwa mtazamo wangu, nikazikunja zile noti 15 za elfu kumi, wekundu wa Msimbazi watupu, nikazitia kwenye kibahasha cha kaki pamoja na andazi moja juu yake. Nani ataiba andazi?

Ibada ikaanza na mchungaji, kama vile kapigiwa simu kuhusu mimi, akafungua Luka 12. Akasema Mathayo anaongelea ndege wa angani jumla jumla, lakini Luka kataja kabisa, watafakarini kunguru. Kunguru jamani! Ndege ambaye Walawi 11 wamemweka kwenye orodha ya najisi, hapandi, havuni, hana ghala, na Mungu anamlisha hivyo hivyo. Akaenda na kwa Eliya pale kijito cha Kerithi, kunguru wanamletea mkate na nyama asubuhi, jioni tena mkate na nyama. Mama mmoja wa kwaya mbele yangu anaitika amina mpaka kilemba kinayumba. Na mimi naitika, ila mkono umeibana bahasha, mafuta ya andazi yameshaanza kupenya na mimi nawaza hizi noti zikilowa mafuta mama mwenye nyumba atazikataa.

Lakini niseme kweli, lile neno liliniingia. Nilitoka nje mwepesi. Nikasema leo basi, sihangaiki tena.

Nje ukaanza mnada kama kawaida, zile sadaka za mazao na mifugo. Ndizi zikaenda, mayai trei mbili yakaenda, akaletwa jogoo mmoja mwekundu amefungwa miguu anatuangalia kwa dharau. Mzee wa kanisa anayenadi ana sauti ya kuuza mitumba: "Elfu kumi na nane! Nani anaongeza?" Mimi nimesimama pembeni chini ya mwarobaini, roho imetulia, njaa ikauma, nikafungua bahasha nimege andazi kidogo.

Kwa wasioishi Dar niwaeleze, kunguru wetu sio wa Eliya. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka maji wenyewe, na sasa wanakula takataka, vifaranga, sabuni ya kipande na chochote ulichoshika kwa kujiamini. Nilisikia upepo tu sikioni. Kuangalia mkononi, hakuna kitu. Kuangalia juu, bahasha ya kaki inapaa na kodi yangu ya miezi 3, ikaenda kutua juu ya bati la ofisi ya kanisa.

Nikarusha mikono yote miwili juu na kupiga ukelele: "Laki na nusu! Laki na nusu yanguuu!"

Mzee wa kanisa akageuka, macho yamemtoka. "Laki na nusu! Kijana kasema laki na nusu! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, jogoo kaenda! Mpigieni makofi huyu kijana!" Vigelegele. Yule mama wa kwaya akanikumbatia, analia. Nataka kueleza, kila nikifungua mdomo wanadhani natoa ushuhuda.

Huku juu ya bati kunguru kachana bahasha, kang'ang'ania andazi lake, na noti anazisukuma na mguu kama mtu anayeondoa maganda. Zikaanza kushuka moja moja. Watoto wa Sunday school wakaziokota, wakakimbia nazo na heshima zote wakazipeleka mezani kwenye mnada. Zikahesabiwa. Kumi na tano kamili, zinanukia iliki.

"Na analipa hapo hapo!" mzee akasema.

Ikabidi nimvute mchungaji pembeni nimweleze. Alijitahidi, kwa kweli alijitahidi, lakini nilipofika kwenye andazi akavua miwani akakaa chini kwenye ngazi. Hela wakanirudishia yote. Ila makofi nilikuwa nimeshapigiwa, utaondokaje mikono mitupu, nikaacha elfu ishirini nikachukua jogoo.

Nikampigia mama mwenye nyumba na hofu yangu, nikamwambia mama shikamoo, nina laki na thelathini na jogoo. Akauliza jogoo wa nini, nikamsimulia, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe yuko Tanga kwenye harusi. "Mimi narudi Jumamosi baba, hiyo ishirini utanipa ukipata. Wewe umekula lakini?"

Sijala. Andazi lilikuwa moja.

Usiku ule nililala vizuri sana, usingizi wa mtoto, mpaka saa nane. Saa nane jogoo akawika. Saa nane na nusu akawika tena. Jirani akagonga ukuta, akauliza kwa hasira huyo jogoo ni wa nani, na mimi gizani nikajibu simjui.

Akawika mara ya tatu.