Mama Mkwe Aliniambia Nivue Pete

Gari likigoma kabisa, mtu unajua moja. Langu halikugoma, lilikuwa linanidhihaki. Ukiwasha taa, zinamulika hadi ukuta wa jirani. Honi inalia vizuri tu. Ukigeuza ufunguo: tak. Ukigeuza tena: tak tak tak tak, halafu kimya, na taa za dashibodi zinakukonyeza. Watoto wa mtaani kwetu Tabata walishaizoea ile tak tak, wakiisikia asubuhi wanaiitikia kwa mdomo.

Kulisukuma hakusaidii, maana ni IST ya automatiki, na gari la automatiki hata ukilisukuma mpaka Kibaha haliwaki. Hilo niliwaeleza vijana wa kijiweni baada ya kulisukuma. Soda zao walidai vilevile.

Fundi umeme akaja na kimashine chake cha kupimia, akagusisha kwenye betri: volti 12.6. "Betri nzima, bosi. Ugonjwa uko hapa." Akaumenya kwa kucha mpira wa ule waya mnene wa chanya, pale karibu na kichwa chake. Ndani nilitegemea kuona shaba. Ukamdondokea vidoleni unga wa kijani, na katikati ya unga zimebaki nyuzi chache zimeshikana kwa imani tu. Asidi ya betri ilipenya ndani ya mpira, ikaila shaba taratibu. Taa, akaniambia, inakula ampea chache, nyuzi hizo zinaimudu. Starta inataka mia na zaidi kwa mpigo, na hapo ndipo zinaponyoosha mikono.

Nikaelewa kila kitu. Nilielewa mno, ndiyo maana alipotaja bei ya ufundi nikacheka. Kufungua nati mbili na kufunga nati mbili! Nina diploma mimi. Ni ya uhasibu, sawa, lakini nati ni nati.

Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani nilikwenda mwenyewe. Muuzaji akanitandikia nyaya mbili mezani: mmoja mwembamba wa bei kubwa, mwingine mnene wa bei nafuu. Wewe mwenye akili zako timamu ungechukua upi?

Jumamosi asubuhi nikafungua boneti. Siku hiyo mama mkwe alikuwa anarudi Tanga, basi lake linaondoka Mbezi saa nne, na mimi ndiye wa kumpeleka. Alitoka barazani na kiti chake cha plastiki, akakaa karibu na taa ya kushoto, mkono mmoja chai, mkono mwingine kipande cha muhogo na kisu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unamchinja nani asubuhi hii?"

"Nabadilisha waya wa betri, mama. Kazi ya dakika kumi tu, kisha tunaondoka."

Akachungulia ndani ya boneti. Akaniangalia mikono. Akasema, "Vua pete."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele mlangoni, ungo ukasimama hewani. Mama mkwe anamwambia mkwewe avue pete ya ndoa, mbele ya mke, na chai yenyewe hajaimaliza! Nikaanza kuyapitia moyoni yote niliyoyasema tangu afike. Au ni ile siku niliyosema samaki wa Tanga na wa Feri ni walewale?

"Mama," mke wangu akasema kwa sauti ya chini, "kama kuna jambo, tuingieni ndani tuzungumze."

"Jambo gani? Pete hiyo ikigusa betri upande huu na bati upande huu, inaivia kidoleni. Utingo wetu mmoja iliunguza nyama mpaka mfupa."

Utingo wetu? Hapo ndipo nilipojua, baada ya miaka yote ya ndoa, kwamba marehemu baba mkwe alikuwa na lori la kubeba mkonge, na utingo akikimbia, aliyepanda nafasi yake alikuwa mkewe. Mambo haya watu hawakuambii siku ya kupeleka posa.

Nikavua pete. Nikashika spana namba kumi, nikaipeleka kwenye chanya, nikalegeza nati.

"Mwanangu, anza na hasi."

Mkwe habishiwi, lakini anaweza kuelimishwa. Nikamweleza kwa adabu zote: "Mama, mgonjwa ni huyu wa chanya. Yule wa hasi mzima wa afya, hatuna sababu ya kumsumbua."

"Bodi lote la gari ni hasi. Uko kwenye chanya, spana ikigusa bati tu..."

Hakumaliza, kwa sababu spana ilimmalizia. Ulipiga mwanga mweupe, ikalia PAA, harufu ya chuma kilichoungua ikanijaa puani. Spana ikaniponyoka, ikadunda kwenye rejeta na kupotea uvunguni. Tulipoipata baadaye ilikuwa na pengo ubavuni, chuma kimeyeyuka pale ilipogusa bati. Mpaka kesho nashikilia kwamba ilikuwa ndefu mno. Asiyeamini aje apime mwenyewe ile nafasi kati ya betri na bati.

Kwa hofu nikaukamata ule waya niliokwisha kuulegeza, nikaung'oa. Umeme wote wa gari ukakatika. King'ora kikaanza.

Aliyenitangulia kulimiliki gari hili alifunga alamu yenye king'ora chenye kibetri chake ndani, ili mwizi akikata waya wa betri mtaa mzima uamke. Uvumbuzi mzuri sana. Nikabonyeza rimoti, hola, maana kisanduku kinachoisikiliza rimoti kinakula kwenye betri kubwa, na betri kubwa nimeshaikata. Kuna pia kifunguo kidogo cha kukizima king'ora kwa mkono. Hicho mwanangu wa mwisho alikipanda uani, anasubiri kiote.

Watu wakaja. Walikuja na fimbo, mmoja na mwiko, na mjumbe akiwa na msuli na povu la mswaki mdomoni. "Yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, jamani. Ni mimi."

Wengine walionekana kukata tamaa kabisa.

Mke wangu akakimbilia ndani, akarudi na kanga, akakivingirisha king'ora mara kadhaa. Kikaacha kupiga kelele, kikawa kinanung'unika. Tatizo ni kwamba alikivingirisha maandishi yakiwa juu: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Na kati ya waliokuja alikuwepo jirani wa nyumba ya pili, ambaye hawajasemeshana na mke wangu tangu yale mambo ya mchango wa maji. Akasogea. Akayasoma maneno yale polepole, toka mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza. Akaniangalia mimi, akamwangalia mke wangu, akatema mate pembeni, akaenda zake. Kesi hiyo bado iko kwa mjumbe.

Mama mkwe hakuwa na habari na hayo. Alishaweka kikombe chini. Akaamuru nitoe na hasi, kisha akaagiza magadi. Ndiyo, magadi yaleyale ya maharage, kwenye maji ya moto. Akayamiminia kwenye vichwa vya betri, povu likafurika likichemka shh, ule ukungu wa kijani ukasombwa, risasi ikatoka safi inang'aa. Nikafunga waya wangu mpya: mkono umezama hadi kiwiko kuitafuta nati ya starta, shavu limelala juu ya injini. Chanya kwanza, hasi mwisho. Safari hii sikumwelimisha mtu.

Rimoti: pii. Kimya kikatanda Tabata nzima. Nikaingia garini kifua mbele, nikageuza ufunguo. Injini ikajivuta, ng'ooo, ng'ooo, na moshi mwembamba ukapanda mbele ya kioo.

"Zima!"

Waya mpya ulikuwa wa moto, haushikiki. Mama mkwe akasubiri upoe, akatoa hasi, akauchomoa, akauchana kwa kisu cha muhogo. Mpira. Akachana tena. Mpira. Ndani kabisa zikaonekana nyuzi chache, alipozikwangua zikatoka nyeupe: alumini iliyopakwa shaba kwa juu.

"Umeuziwa mpira, mwanangu."

"Lakini ulikuwa mnene, mama."

Hakunijibu. Alimwita kijana wa bodaboda, akamwagiza taratibu, kidole juu: milimita za mraba 25, shaba tupu, ukiondoa mpira iwe nene kama penseli, na vichwa vibanwe kwa mashine hapohapo dukani. Kijana akauliza kama nami nakwenda naye. "Huyu abaki," akasema.

Waya wa pili aliufunga mwenyewe. Mimi nilipewa kazi ya kushika nati zisipotee, na nakuhakikishia haikupotea hata moja. Gari likawaka kwa kugusa tu. Likatetemeka kidogo mwanzoni, kompyuta yake ikiwa imesahau kila kitu, halafu likatulia. Redio nayo ikaamka na kumbukumbu zimefutika, yule mwanamke wa ndani akaanza kumwaga Kijapani.

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Anataka kadi ya ramani, mama."

"Si umpe?"

"Kadi ilibaki hukohuko Japani, mama. Sasa hatanipigia hata taarabu."

Basi la saa nne wakati huo lilikuwa limeshapita Chalinze. Nikaahidi kumkatia tiketi nyingine ya kesho yake, akasema hana haraka.

Jioni mlango wa geti ukagongwa. Alikuwa Mangi wa dukani, jasho linamtoka. Noah yake imegoma.

"Fundi yupo?"

Nikajikung'uta suruali. "Nipo. Inafanyaje?"

Mangi akachungulia nyuma ya bega langu. "Hapana, kaka, namuulizia bibi."

Mama mkwe akatoka. Akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama taa zinawaka, akauliza kama honi inalia, kisha akataja bei ya ufundi. Ilikuwa kubwa kuliko ya yule fundi wangu. Mangi hakucheka, alitoa pochi.

"Mwanangu," mama mkwe akaniita akiwa ameshafika getini, "njoo unishikie tochi."