Swichi iliyoandikwa FENI

Kwanza nikiri: nilijitakia. Hakuna aliyenishika mkono kunipeleka mnadani kununua Land Rover 110 ya mwaka 1997, gari lililochokea kwenye mradi wa maji, lenye tundu la redio kolu kwenye dashibodi na harufu ya mbolea nyuma. Mama Neema alitaka tuchukue kigari kidogo kama cha wenzetu. Nikamweleza kwamba hili ndilo gari. Injini yake, ile 300Tdi, dizeli ya lita mbili na nusu, haina kompyuta wala mbwembwe. Fundi yeyote chini ya mwembe anaifungua.

"Na kiyoyozi?" akauliza.

Nikajifanya simu inaita.

Hayo maneno ya fundi yeyote chini ya mwembe ndiyo yaliyoniponza, maana ni kweli tupu. Fundi yeyote anaifungua. Kuifunga ndiyo kazi.

Taabu ilianzia kwenye feni ya rejeta. Feni ya asili ya gari hili haijui umeme, inazungushwa na injini yenyewe, na katikati yake kuna kidude cha duara chenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa baridi kidude kinalegea, feni inazunguka kivivu kama kibarua ambaye bosi wake hajafika. Joto likipanda, kile kichuma cha mbele kilichojikunja kama konokono kinahisi, silikoni inashika, feni inakaza mwendo. Hapo utaisikia mtaa wa pili, inavuma utadhani ndege inataka kuruka. Sasa changu kikafa. Fundi alizima injini ikiwa ya moto, akaisukuma feni kwa kidole kimoja, ikazunguka raundi nne, ikaongeza ya tano kwa raha zake. "Hii ilitakiwa igome," akasema. "Silikoni imeshavuja yote." Kidude kipya cha kampuni nilipotajiwa bei niliomba maji ya kunywa. Nikanunua cha kuiga. Kilidumu wiki tatu, na ya tatu tuliisindikiza kwa dua.

Ndipo akatokea jirani. Kila mtaa una jirani mwenye bando na muda. "Funga feni ya umeme," akaniambia. "Injini inapata nguvu, dizeli inapungua, kelele kwisha." Huyo bwana anaendesha pikipiki.

Nikaenda Gerezani, kule kwa wauza vipuri, nikapata feni iliyotolewa kwenye gari dogo la Kijapani, elfu themanini baada ya kubembelezana. Muuzaji aliigusisha kwenye betri, ikanguruma, vumbi likaruka, akaniambia, "Bosi, hii inavuta mpaka mawazo." Nilimwamini, na mawazo nilikuwa nayo mengi.

Kuitoa feni ya zamani peke yake tulimaliza asubuhi nzima. Imeshikwa na nati moja kubwa ya spana 32. Fundi akakaza msuli, kimya. Akaongeza bomba kwenye mkia wa spana, kimya. Wakaning'inia wawili, mmoja wao kilo tisini bila viatu, jirani anatoa maelekezo, mimi nimeshika puli isizunguke huku mkanda unanichubua viganja. Spanaboi, kijana wa miaka kumi na sita anayetumwa chai, akachungulia. "Fundi, kwani si mnafunga?" Akapigwa jicho. Dakika kumi baadaye fundi akakumbuka kwamba nati ile ni ya kushoto, unaifungulia upande ule ambao nati za wenzako wote zinafungiwa. Ikaachia kwa nyundo moja tu. Hakuna aliyemwomba mtoto radhi. Akatumwa chai.

Fundi alitaka feni mpya tuishikize kwa vile vifungo vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta. Hapo niligoma. Kitu kikipenyezwa mle kinakwaruza kila gari linapotikisika, mwisho kinatoboa, na Land Rover yangu inatikisika hata ikiwa imezimwa. Tukachomelea vipande viwili vya flatiba. Nikasisitiza pia koti lake la plastiki libaki, kwa sababu feni tupu inavuta hewa pale tu yalipo mapanga yake, kona zote za rejeta zinabaki watazamaji.

Kisha fundi umeme, ambaye ni mtu mwingine na bei nyingine. Feni hizi zinakula ampia 20 na zaidi zinapoanza. Yeye akavuta waya mwembamba wa spika kutoka kwenye betri, ukapita kwenye swichi, ukaenda kwenye feni, basi. Nikauliza habari za relei. "Mzee, relei ni mambo ya matajiri." Kesho yake swichi iliyeyuka kwenye foleni ya Ubungo. Nilisikia harufu ya sahani ya plastiki iliyosahauliwa juu ya jiko, nikawa naangalia magari ya wenzangu kwa huruma, kumbe ni mimi. Tukarudi kwa adabu: relei ya miguu minne, 30 na 87 kwa ajili ya moto mkubwa, 85 na 86 kwa ajili ya amri, fyuzi ya ampia 30, waya mnene. Sasa swichi haibebi mzigo wowote, inatoa amri tu, mzigo unabebwa na relei. Mfumo huu niliuelewa mara moja kwa sababu ndio tunaoishi nao nyumbani. Mama Neema swichi, mimi relei.

Ukafikiri yameisha? Gari likawa likisimama sindano ya joto inatulia, likishika kilomita 80 sindano inapanda. Kawaida huwa kinyume. Wiki mbili nimezunguka nalo hivyo, nabadilisha mfuniko wa rejeta, nabadilisha tamostati, nabadilisha mafundi. Mzee mmoja mziba rejeta, mtu asiyependa maneno, akawasha feni, akachukua gazeti akaliweka mbele ya grili. Feni iko nyuma ya rejeta, kazi yake ni kuvuta, gazeti lilitakiwa linate. Lilipeperuka likamfunika uso mama wa mihogo. Waya za feni zilikuwa zimegeuzwa, chanya kwenye hasi. Wiki mbili nzima feni yangu inasukuma hewa kwenda mbele, barabara inasukuma hewa kuja nyuma, zinakutana katikati ya rejeta zinaulizana hali. Mzee alibadilisha waya mbili, akanidai elfu mbili na gazeti lake.

Usiku ndiyo raha kamili. Altaneta yangu, ile inayozalisha umeme wa gari, ni ya ampia 65, nayo imezeeka kama mwenyewe. Niko taratibu, taa zinawaka, feni ikishika tu taa zinakonyeza. Wanaokuja mbele wanadhani nawapa ishara kwamba kuna trafiki huko nitokako. Wanapunguza mwendo wote, wanafunga mikanda, wananipungia mkono wa shukrani. Nina marafiki wengi barabarani nisiowajua.

Sifa moja nitaipa, nisije kuonekana mchoyo. Masika barabara yetu ikijaa maji, unaizima feni kabla ya kuingia, mapanga hayapigi maji wala hayapindi kuelekea kwenye rejeta. Nimeifaidi mara moja, nikajisikia msomi.

Feni hizi zinaweza kufungiwa kihisi cha joto, zikawaka na kuzima zenyewe. Fundi alisema hicho tutafunga awamu ya pili. Awamu ya pili ya fundi unaijua. Ikabaki swichi ya mkono, na kwa kuwa tundu la redio kolu lilikuwepo tayari mbele ya goti la abiria, akaichomeka pale, akaandika juu yake kwa wino mweupe wa kufutia, herufi kubwa za kishule: FENI.

Mwezi uliopita nikapewa jukumu la kumrudisha mama mkwe Iringa. Alikuja kumwona mjukuu, akakaa siku tisa akililalamikia joto la Dar kama vile mimi ndiye niliyelileta. Mkwe huwezi kumweka nyuma, basi akakaa mbele. Sasa fikiria: swichi iko kwenye goti la mama mkwe. Mimi nimelelewa. Mkono wangu hauwezi kusafiri kuelekea kule hata injini ikiwaka moto. Nikabuni dawa: kabla hajapanda, niliiwasha feni hapohapo uani, nikaamua iende hivyohivyo mpaka Iringa. Kwenye barabara tambarare feni haihitajiki, upepo wa mwendo unatosha, lakini heshima nayo ina gharama zake.

Chalinze salama. Morogoro salama. Mikumi tukaangalia nyani. Tukateremka Ruaha Mbuyuni, jua la saa nane limekaa juu ya mibuyu kama lina deni nayo. Nikasimama Mama Neema anunue vitunguu. Mama mkwe ndani, kitambaa kinafuta shingo, hasemi kitu, na akinyamaza ndiyo mbaya.

Kitonga ukiipanda nyuma ya lori la kontena, unapanda kwa mwendo wa maandamano. Gia ya pili, injini inalia, upepo wa mbele hakuna. Mahali pa feni ndipo pale, laki tatu na nusu zangu zilikuwa zinasubiri kona zile. Nikatupa jicho kwenye sindano. Ilikuwa imelala upande wa nyekundu kama mtu aliyekata tamaa. Sijamaliza kusema "hee", mvuke ukafumuka kwenye boneti.

Tukaegesha pembeni. Mawe nyuma ya matairi, majani barabarani. Madereva hawakukawia kushuka, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja alishakuja na dumu la maji ya baridi. Nikamzuia kwa mwili. Silinda hedi ya gari hili ni alumini, ukiimwagia maji ya baridi ikiwa moto hivyo inapinda au inapasuka, na mfuniko wa rejeta ukiufungua muda huo unaoga uji. Nikafungua boneti nikasikiliza. Feni kimya. Nikaangalia fyuzi, nzima. Relei, nzima. Nikagusa waya, nikamtaja fundi umeme kwa jina lake kamili, nikamtaja na muuza feni wa Gerezani, nikawa naelekea kwa jirani.

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani.

"Baba Neema, msisumbuke na hiyo feni yenu. Ni mbovu. Mimi nimeiwasha tangu kule kwenye vitunguu, hata upepo."

Nilimtazama Mama Neema. Alikuwa amegeukia bonde, ncha ya khanga mdomoni, mabega yanacheza.

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Kwamba mama, ilikuwa inawaka, ulichofanya ni kuizima? Kwamba feni ile haikuwekwa kwa ajili yako?

"Ndiyo mama," nikasema. "Ina hitilafu kidogo. Samahani sana."

"Nimeona. Ndiyo maana na injini imepata joto, tumebanana humu bila hewa."

Tulikaa saa nzima gari lipoe. Nikajaza maji taratibu, nikamwomba Mama Neema abonyeze swichi kwa niaba yangu, tukapanda. Iringa tulifika usiku, baridi imeshashuka, mama mkwe akaomba vioo vifungwe na ile feni mbovu isije ikapona ghafla.

Asubuhi nikamkuta shemeji yangu mdogo, anayesomea umeme chuo cha ufundi, amelala chali chini ya dashibodi, bisibisi mdomoni, waya zote ziko nje kama utumbo wa kuku.

"Shem, mama kaniambia nikurekebishie feni," akasema. "Tatizo nimeshaliona. Yule fundi wako alipeleka waya zote kwenye injini. Nizigeuze zije kwa abiria?"